Malori ya Congo hupita Msamvu, kwa nini habari zake hazifiki?

IJUMAA ya Desemba 8, mwaka 2000, mambo mawili yalitokea katika pande mbili za dunia. Katika Jimbo la Florida, Marekani, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamuru baadhi ya kura za urais zihesabiwe upya kwa mkono. Katika Kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, Mkoa wa Morogoro, wakulima 38 waliuawa katika shambulio lililotokana na mgogoro wa siku nyingi wa ardhi, maji na malisho baina ya wakulima na wafugaji.

Kesi ya Florida, iliyohusu tofauti ambayo mwishowe ilikuwa ya kura 537, ilitawala taarifa za habari duniani kote hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifunga Desemba 12. Vifo vya Rudewa Mbuyuni viliandikwa na magazeti ya Tanzania na kuwahuzunisha wananchi, lakini nje ya mipaka ya nchi havikupata hata sehemu ndogo ya nafasi hiyo.

Ni rahisi kuhitimisha kuwa hiyo ni dharau ya wakubwa kwa wadogo, na kuishia hapo. Hata hivyo, wakati huo huo vita ya Congo ilikuwa katika mwaka wake wa tatu, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika. Katikati ya mwaka 2000 Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji (IRC) ilikuwa imekwisha kukadiria kwamba watu milioni 1.7 walikuwa wamekufa mashariki mwa Congo kwa sababu ya vita hiyo. Mwezi Juni mwaka huo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji wa Kisangani. Msomaji wa gazeti mjini Morogoro naye alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kujua yaliyokuwa yakijiri Florida kuliko yale ya Kisangani.

Kwa hiyo swali si la Wazungu peke yao. Kwa nini vyombo vya habari, viwe vya London au vya Dar es Salaam, hupitiwa na matukio makubwa yanayotokea nje ya nchi zao?

Habari ni shehena

Jibu la kwanza linaweza kutafutwa Msamvu, mahali ambapo barabara inayotoka Dar es Salaam hugawanyika, moja ikielekea Dodoma na nyingine Iringa. Malori yanayopeleka mizigo Congo hupita hapo usiku na mchana. Mengi huelekea Tunduma, huvuka Zambia na kufika Lubumbashi, kisha hurudi yakiwa yamebeba shaba. Safari hiyo huwezekana kwa sababu ipo barabara, yapo mafuta, yupo dereva, na yupo mnunuzi anayesubiri upande wa pili.

Habari nayo husafiri kama shehena. Huhitaji mtu wa kuikusanya, njia ya kuipitisha, fedha za kuisafirisha na mnunuzi wa kuipokea. Pakikosekana kimojawapo, tukio hubaki lilipotokea, hata kama ni kubwa namna gani.

Kumweka mwandishi nchi ya nje ni gharama. Kunahitaji nyumba, usafiri, mkalimani, bima na, penye vita, ulinzi. Magazeti mengi ya Afrika Mashariki hayana mwandishi wa kudumu Kinshasa, Khartoum wala Moroni. Ukurasa wa habari za kimataifa hujazwa kwa taarifa za mashirika makubwa, hasa Reuters, AFP na AP, ambayo wateja wake wanaolipa zaidi wako Ulaya, Marekani na Asia. Taarifa huandikwa kwanza kwa kufikiria mahitaji ya wateja hao. Matokeo yake ni kwamba Mtanzania husoma habari za jirani yake wa Bukavu baada ya kuchujwa Paris au London, kisha kutafsiriwa kwa haraka na mtu ambaye hajawahi kufika huko.

Hali hii ilionekana mapema. Tanzania ilianzisha Shirika la Habari Tanzania (SHIHATA) mwaka 1976. Nchi za Afrika zilikubaliana mwaka 1979 kuunda Shirika la Habari la Afrika (PANA), lililoanza kazi mwaka 1983 likiwa na makao yake Dakar. Mwaka 1980 tume ya UNESCO iliyoongozwa na Sean MacBride ilitoa ripoti iliyotaka mtiririko wa habari uwe wa haki zaidi kati ya nchi tajiri na maskini. Mjadala huo ulizama katika ugomvi wa Vita Baridi, huku nchi za Magharibi zikihofia kwamba serikali zingeutumia kuzibana habari. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa sababu mashirika ya habari ya serikali nyingi yaligeuka vipaza sauti vya watawala. SHIHATA nayo ilivunjwa baadaye. Upungufu uliokuwa umeonwa ulibaki bila dawa.

Kinachoifanya habari iwe habari

Jibu la pili linahusu namna wahariri wanavyochagua. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichapisha uchunguzi wa jinsi magazeti ya nchi yao yalivyoripoti migogoro ya Congo, Cuba na Cyprus. Walieleza kuwa tukio hupata nafasi kwa urahisi zaidi likiwa la ghafla, likieleweka bila maelezo marefu, likihusu nchi kubwa au watu wakubwa, na likiwa na uhusiano fulani na msomaji. Ukubwa wa madhara ni kigezo kimoja tu kati ya vingi.

Mkoa wa Morogoro una mfano unaoonyesha vigezo hivyo. Asubuhi ya Agosti 10, mwaka 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu. Watu walikusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha, wengine wakifia hospitalini katika siku zilizofuata. Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo. Ndani ya saa chache habari hiyo ilikuwa imefika katika vituo vya televisheni vya mabara yote.

Msiba wa Msamvu ulistahili kutangazwa. Lakini ulikuwa pia na kila kitu ambacho chumba cha habari hukihitaji: ulitokea ghafla, kando ya barabara kuu, ndani ya mji, mbele ya watu wenye simu za kamera, na ulieleweka kwa sentensi moja. Rudewa Mbuyuni haikuwa na kamera. Ili kueleza kilichotokea kule, mwandishi angelazimika kueleza historia ya mashamba makubwa ya Kilosa, malisho yaliyopungua, vyanzo vya maji vya kiangazi, ng'ombe waliokamatwa na lawama zilizorundikana kwa pande zote mbili. Mhariri wa mbali, mwenye nafasi ya aya nne, huiona habari ya namna hiyo kuwa nzito kuibeba.

Ushindani wa nafasi nao huamua mengi. Juni 24, mwaka 2002, treni ya abiria iliyokuwa imepita Morogoro kuelekea Dodoma ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo karibu na Msagali. Watu 281 walikufa. Vyombo vikubwa vya nje vilitaja ajali hiyo, lakini siku hiyo Rais George W. Bush alitoa hotuba kuhusu Palestina, na kesho yake ilianza nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Athari ya ushindani huo imewahi kupimwa. Mwaka 2007 wachumi Thomas Eisensee na David Strömberg walichapisha utafiti wa majanga ya asili yapatayo 5,000 yaliyotokea kati ya mwaka 1968 na 2002. Waliona kuwa majanga yaliyotokea wakati wa Michezo ya Olimpiki, au wakati mwingine ambapo televisheni za Marekani zilijaa habari nyingine, yalikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kutangazwa na hata ya kupata msaada wa serikali ya nchi hiyo. Kwa hesabu yao, ili njaa ipate nafasi sawa na mlipuko wa volkano katika televisheni hizo, kwa kila mtu mmoja aliyeuawa na volkano ingebidi wafe watu 40,000 kwa njaa.

Maafa ya polepole

Takwimu hiyo inaeleza kwa nini vita ya Congo haikuonekana. Makadirio ya IRC yaliyotolewa Januari 2008 yalitaja vifo milioni 5.4 kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007. Watafiti wengine wameyapinga wakisema ni makubwa mno, na ubishi huo haujaisha. Jambo lisilobishaniwa sana ni kwamba walio wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, baada ya kukimbia mashamba na kukosa zahanati. Mtoto anayekufa kwa kuhara msituni hana siku ya tukio wala picha ya kwanza. Hakuna asubuhi ambayo mhariri angesema kuwa habari imetokea leo.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaufahamu mtindo huu kwa njia nyingine. Maji mengi wanayotumia hutoka Mto Ruvu, ambao vyanzo vyake viko katika Milima ya Uluguru. Ukame, kupungua kwa misitu na kuongezeka kwa matumizi ya maji ni mambo yanayokwenda kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote huandikwa mara chache. Oktoba na Novemba mwaka 2021 mtiririko wa Ruvu ulishuka, mgawo wa maji ukatangazwa jijini, na ghafla mto huo ukawa habari ya ukurasa wa kwanza. Mwaka uliofuata mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda, lililokuwa likizungumzwa kwa miongo kadhaa, ulitiwa saini.

Ikiwa mlima ulio mwendo wa saa chache kutoka Dar es Salaam hauonekani hadi bomba likauke, si ajabu kwamba njaa ya Darfur haionekani hadi maiti zihesabiwe.

Milango inapofungwa

Sababu nyingine ni kwamba matukio makubwa mara nyingi hufichwa kwa makusudi. Vita ya Tigray, iliyoanza Novemba 2020, ilipiganwa kwa miaka miwili huku simu na intaneti zikiwa zimekatwa kwa muda mrefu na waandishi wakizuiwa kuingia. Nchini Sudan, vita iliyozuka Aprili 15, mwaka 2023, imewang'oa watu zaidi ya milioni 10 katika makazi yao, lakini waandishi wa nje walioweza kufika Darfur ni wachache.

Sudan inaonyesha pia nguvu ya uzi unaomuunganisha msomaji na tukio. Mwishoni mwa Aprili 2023 ndege iliyobeba Watanzania zaidi ya 200, wengi wao wanafunzi, ilitua Dar es Salaam ikitokea katika vita hiyo. Kwa siku chache Khartoum ilikuwa habari ya nyumbani, yenye wazazi waliokuwa wakisubiri uwanjani. Watoto walipofika salama, uzi huo ulikatika, ingawa kwa Wasudani wenyewe vita ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Wakati mwingine usiri huwa na sababu njema. Kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, mwaka 1969, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mjini Morogoro. Wajumbe walikuwa watu waliopigwa marufuku nchini mwao na kuwindwa na makachero, hivyo haukuwa mkutano wa kualika kamera. Humo ndimo chama kilipoamua kuwafungulia uanachama wapigania uhuru wasio Waafrika weusi waliokuwa uhamishoni, na kupanga upya mapambano yake. Mwaka 1977 Tanzania ilitoa ardhi ya Mazimbu, nje kidogo ya mji, kwa ajili ya shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu Aprili 6, mwaka 1979. Leo eneo hilo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Miaka 25 baada ya mkutano ule, kati ya Aprili 26 na 29, mwaka 1994, maelfu ya waandishi kutoka duniani kote walikuwa Afrika Kusini kushuhudia uchaguzi uliompeleka Nelson Mandela madarakani. Walikuwa sahihi kuwapo. Lakini katika siku hizo hizo mauaji ya kimbari yalikuwa yakiendelea Rwanda, ambako waandishi waliobaki walikuwa wachache, na wengi wa walimwengu waliendelea kuyaita mapigano ya kikabila. Aprili 28 na 29, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, mkoani Kagera, kwa muda wa kama siku moja. Ilibidi umati ule uonekane upande wa Tanzania ndipo kamera nyingi zielekee huko.

Gharama ya ukimya

Inaweza kuulizwa kuna hasara gani kama msomaji hajui. Hasara ya kwanza ni ya walioko kwenye maafa. Fedha za misaada hufuata picha, na wanadiplomasia hufuata maswali wanayoulizwa na wananchi wao. Mauaji yasiyotajwa ni rahisi kuendelea.

Hasara ya pili ni ya msomaji mwenyewe. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Congo, na watoto waliozaliwa humo wamekwisha kuwa watu wazima. Msomaji ambaye hakuwahi kuelezwa vita iliyowaleta huwaona wakimbizi hao kama watu waliokuja tu, na hushindwa kupima hoja za wanaotaka warudishwe au wabaki. Vivyo hivyo, waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, na wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na Kusini mwa Afrika wakakutana Dar es Salaam Februari 8, wengi walilazimika kuanza upya kuuliza M23 ni nani, ingawa kundi hilo liliwahi kuushika mji huo huo Novemba 2012.

Hasara ya tatu ni ya kiuchumi. Bandari ya Dar es Salaam, wenye malori, mafundi wa matairi na mama lishe wa kando ya barabara kuu wanaitegemea Congo kwa namna moja au nyingine. Mabadiliko ya sheria za madini Kinshasa au vurugu za Katanga yanaweza kuwagusa kabla hayajapewa hata aya moja gazetini.

Lugha iliyopo mkononi

Tatizo hili halitaisha lote. Gazeti lina kurasa chache, msomaji ana muda mchache, na hakuna chumba cha habari kinachoweza kuwa kila mahali. Hata hivyo, vyombo vya habari vya Kiswahili vina nyenzo ambayo Paris na London hazina kwa kiwango hicho. Kiswahili huzungumzwa Goma, Bukavu, Kalemie na Lubumbashi. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na taasisi ya Fondation Hirondelle, hutangaza kwa Kiswahili miongoni mwa lugha zake tano. Mhariri wa Dar es Salaam anaweza kumpigia simu muuguzi, padri au mfanyabiashara wa Kivu na kuzungumza naye bila mkalimani. Gharama ya simu hiyo hailingani na ya kumhamishia mwandishi huko.

Panahitajika pia kubadili swali linaloulizwa asubuhi katika vikao vya wahariri. Swali la kawaida ni nini kimetokea jana. Swali hilo huliona lori lililolipuka na huwasahau wanaokufa kidogo kidogo. Swali la pili, la nini kinaendelea ambacho hatujakiandika kwa mwezi mzima, lingeirudisha Sudan ukurasani, na pia migogoro ya ardhi ya Kilosa kabla watu hawajauana.

Msomaji naye ana sehemu yake. Wahariri huhesabu kinachosomwa, na barua au simu chache zinazouliza kuhusu jambo lililonyamaziwa huonekana. Wakati hayo yakisubiriwa, madereva waliotoka Lubumbashi juma lililopita wanakunywa chai kando ya barabara ya Msamvu. Wanajua bei ya mafuta ilivyo kule, vizuizi vilivyoongezeka na miji ambayo hawathubutu kulala, na wanayasimulia hayo kwa Kiswahili kwa yeyote anayewauliza.